Bastola Mbili za Bosi

Baba,

Tangu tukuzike Kitui nimekuandikia mara nyingi, lakini kichwani tu. Leo nimeshika kalamu, maana lililonipata Jeddah bado linanitetemesha.

Bosi wangu wa Riyadh, yule mume wa madam, naye amefariki. Aliacha bastola mbili za mtindo wa zamani, zenye vibali, zile ambazo magazini ya risasi huingia kwenye mpini. Wiki iliyopita ndugu yake, ambaye ndiye kafili wangu, mdhamini wa kazi yangu huku, alituita kwake Al-Rawdah, Jeddah, ili yeye na madam wagawane. Nilikwenda kumsaidia madam na mizigo.

Kafili alizilaza mezani. Moja iling'aa kama kijiko kipya. Nyingine ilikuwa imechakaa, rangi imebambuka pembeni.

"Chukua hii nzuri," akamwambia madam. "Hicho chuma kibovu niachie mimi."

Nikaitazama ile kuukuu, Baba. Nilijiona tena kwenye karakana yako Nairobi, nyuma ya duka la silaha, nawe ukiniambia: "Mwende, achana na mng'aro. Angalia vyuma vinapokutana."

Nikaomba nizipanguse. Kwanza nilihakikisha hazina risasi, kama ulivyonizoesha. Ile ya kung'aa, sehemu ya juu ilichezacheza, na ndani chuma kilikuwa na vishimo vishimo. Nakala ya juzijuzi. Lakini hii kuukuu! Niliivuta sehemu ya juu, ikarudi nyuma kimya, laini, kama inateleza kwenye mafuta. Namba ya juu, ya chini na ya kwenye mtutu ni moja, hakuna kipande kilichobadilishwa. Na ndani kabisa, mahali asipochungulia mtu, kuna mikwaruzo midogo ya tupa, alama ya kazi ya mkono. Fundi aliyeipiga tupa ile alishakufa zamani, Baba, na kazi yake bado inatii. Nilitamani kulia.

Niliogopa pia. Ikama yangu, kibali changu cha kuishi huku, iko mkononi mwa kafili. Hata hivyo nikasema, "Madam, yenye thamani ni hii kuukuu."

"Wewe wa jikoni unajua nini?" kafili akauliza.

Nikamwonyesha namba. Nikamwonyesha mikwaruzo. Akavaa miwani, akaangalia, akaangalia tena. Kama alijua tangu mwanzo, sijui.

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu. Ni marehemu."

Akavua miwani. Kisha akaisukuma ile kuukuu mbele ya madam, akasema, "Mungu amrehemu baba yako. Alikuwa fundi."

Baba, hukuwahi hata kupanda ndege. Na watu wa nyumba ile wote wakaitikia amina kwa ajili yako.

Mkataba ukiisha nitakuja kupalilia kaburi lako. Halafu nitafungua sanduku lako la vifaa, lile kaka zangu wanalotaka kuliuza, na nitaketi kwenye kiti chako nifanye kazi. Nakuahidi.

Lala salama, fundi wangu.

Mwanao,
Mwende