Damu ya Shabani

Ijumaa, 13 Machi 1998

We Rukia, mvivu wewe! Tangu sikukuu ya Idd hujafungua daftari lako hili. Mwalimu wa ngumbaru alikufunza kuandika bure? Kaa chini. Kuna maneno.

Shabani, kifungua mimba wangu, amemkana mtoto wa ndugu yake. Idi wangu hajamaliza mwaka kaburini! Na mtoto mwenyewe, Wandera, bado ananyonya. Eti si wa Idi, eti Jescah, mjane wake, aliolewa na mimba aliyotoka nayo kijijini Khayega. Sababu naijua. Kama mtoto si wa Idi, shamba la miwa la marehemu linamwangukia Shabani. Kama ni wake, Shabani hapati hata mua.

Jescah hakulia. "Shemeji, basi nitajie baba yake, maana mimi namjua mmoja tu." Nilicheka mbele ya wageni.

Jumatatu, 16 Machi

Kwa kadhi. Akasema mtoto ni wa kitanda cha ndoa. Idi alimkubali, akamchinjia mbuzi wa akika. Ndugu hawezi kumkania maiti mtoto wake. Shabani akang'aka: kuna kipimo Nairobi, DNA, hakidanganyi! Kadhi akamjibu, kapime, hukumu utaikuta hapa hapa.

Mimi nikatoa mkono wangu. Nilitaka Shabani anyamaze. Tumetolewa damu hospitalini, mimi, Shabani na mtoto. Sindano ile — mayi, mama yangu!

Jumatano, 6 Mei

Daktari ameniita peke yangu. Kipimo kimesema Wandera ni damu yangu! Nikapiga vigelegele.

Daktari hakucheka. "Kukhu, bibi yangu, kaa." Akasema Shabani ndiye si damu yangu. Shabani! Nikamwambia, pima tena. Wamepima mara mbili.

Nilimzaa mimi! Uchungu niliuona mimi!

Alhamisi, 7 Mei

Nimekumbuka wodi ya misheni, siku niliyomzaa Shabani. Tulilazwa wawili kitanda kimoja, mimi na mama mmoja aliyetoka Bukura, naye kajifungua. Watoto wakapelekwa kuogeshwa. Nikaletewa mmoja, nikampa ziwa. Nani angeuliza?

Miaka miwili nilimnyonyesha Shabani. Lakini maziwa hayarithishi, hilo najua. Kadhi atampa Shabani haki ya kitanda cha ndoa kama alivyompa Wandera? Ama atasema damu? Na yule wangu aliyechukuliwa Bukura — yuko hai?

Shabani amefika. Yuko mlangoni. "Mama, mtoto ni wa nani?" Nimemwambia ni wa Idi. Ameinamisha kichwa. "Na damu yangu walisemaje?"

Nimemwambia kuna ingokho jikoni, kuku wa mchuzi, akanawe mikono kwanza. Ananawa.

Rukia, ukirudi hapa, anza hivi: Shabani, kifungua mimba wangu. Usiandike neno lingine kabla ya hilo.