Maji ya Mlangoni

Kitaya, 9 Februari 2025

Mwanangu Somoe,
Salaam aleikum. Mimi mzima kidogo, sijui wewe huko Dar. Simu yangu hapa mpakani inakamata mtandao wa Msumbiji tu, ndiyo maana naandika. Homa imekwisha lakini viungo vimegoma. Kalamu naishika kwa mikono miwili, usicheke mwandiko. Zahanati wanasema ni chikungunya. Mbona nalala ndani ya chandarua? Wewe unayesoma virusi maabara, niambie ugonjwa huu umeniingiaje.
Mamako

Dar es Salaam, 2 Machi

Mama,
Shikamoo. Barua yako nimeisoma kazini, nikaenda kulia chooni. Mbu anayeleta chikungunya huuma mchana, chandarua hakimsumbui. Kirusi anachokiacha hakiingii kwenye chembe za mwili kwa kuvunja. Kila chembe ina vipokezi, kama mikono iliyonyooshwa nje kupokea inachohitaji. Kirusi kinashika mkono mmoja, chembe inakivuta ndani kama mgeni wake. Chembe za viungoni zina mkono kinaoupenda, ndiyo maana magoti yanakuuma. Kazi yangu ni kutafuta cha kuuziba mkono huo. Bado hatujakipata.
Mbu huyo huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Kuna chombo chochote hapo nyumbani? Likizo nimenyimwa tena.
Mwanao, Somoe

Kitaya, 20 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Chombo hakuna, labda mtungi wako wa mlangoni. Tangu uondoke naweka maji ya kukuosha miguu ukirudi, kama bibi yako alivyomwekea babako akisafiri. Siufuniki, maana wa msafiri haufunikwi. Kuna vijidudu vinachezacheza ndani, nikadhani vimekuja na mvua.
Mamako

Dar es Salaam, 28 Machi

Mama,
Shikamoo. Umwage leo hii, uusugue ndani, uufudikize. Vijidudu hivyo ni watoto wa mbu, ndimo walimotoka waliokuuma. Usiniwekee maji tena, nakuomba.
Mwanao

Kitaya, 17 Mei

Mwanangu,
Natumaini u mzima. Barua hii nimeiandika kidogo kidogo, vidole vikikubali.
Nimeumwaga, nikaufudikiza. Sasa kila anayepita ananipa pole. Kwetu mtungi wa msafiri ukifudikizwa ni kwamba habari zake zimefika, na si njema. Nawaambia u mzima, wewe mwenyewe ndiye uliyeniagiza. Hawaniamini. Jana jirani yetu Mama Zuberi kaleta unga wa msiba. Nimeupokea, maana mwaka huu sikulima, na nyumba ilikuwa kimya mno nikaona aibu kumrudisha mtu mlangoni. Tulikaa naye hadi alasiri tukikuzungumzia.
Ukija, piga hodi ungali mbali. Siku hizi kuinuka kwangu kunachukua muda.
Mamako