Nukta Saba Chini ya Mstari

Karatu, Alhamisi

Mdogo wangu Lemali,

Sopa. Najua umeshaitikia kabla hujaketi vizuri. Ng'ombe wanaendeleaje, na mvua imefika Arash au bado mnaitazama kwa mbali tu? Watoto wako wanaenda shule? Mimi dada yako ni mzima wa mwili. Ya moyoni ngoja niyaandike, maana kwenye simu unaniharakisha, mara salio, mara chaji.

Bado niko kwenye kiwanda cha unga. Kila nusu saa nachukua pakiti tano kwenye mashine, napima, natafuta wastani wake, kisha naweka nukta kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Karatasi ina mistari mitatu. Wa katikati ni uzito wa kawaida mashine ikiwa nzima, wa juu na wa chini ni mipaka. Nukta ikivuka mpaka, nasimamisha kazi. Zikipanda na kushuka kidogo humo ndani siigusi mashine, maana hakuna siku pakiti zote zitalingana.

Wiki za mwanzo nilichemsha. Nikikuta uzito umeshuka, nukta yangu naisogeza karibu na katikati. Sikuwa na nia ya wizi. Wewe unajua kwetu mtu akiulizwa habari anaanza na nzuri, hata kama fisi wamemmalizia mbuzi, na mimi niliona haya kuanza na baya. Msimamizi wangu, mama mmoja Mwiraqw anayeitwa Paskalina, akaitazama ile karatasi weee, kisha akaniuliza, "Nashipai, hapa unanipa habari au unanisalimia?" Nilitamani ardhi ipasuke. Hakunifukuza, alinifundisha upya.

Akaniambia pia kwamba nukta saba zikifuatana upande mmoja wa mstari wa katikati, hata kama hakuna iliyovuka mpaka, basi kuna kitu kimehama ndani ya mashine. Moja moja hazina neno. Zikifika saba, muite fundi.

Jioni narudi chumbani kwangu. Majirani ni watu wema, hata makande wananiletea, ila wakicheka kwa Kiiraqw mimi nacheka nyuma yao bila kujua tunacheka nini. Juzi mnadani nilimsikia mama mmoja anabishania bei ya mbuzi kwa Kimaa chetu. Nikasimama pale mpaka akamaliza. Sina haja ya mbuzi, na yule mama simjui. Nilitaka kusikia tu. Upweke umenichosha, Lemali, na wiki nzima naingojea Jumapili nisikie kwenye simu yako sauti ya mama, yeyo wetu.

Jumapili saba sijamsikia. Mara amelala. Mara ameenda kwa shangazi. Mara yuko mtoni, mara koo linamkwaruza, mara simu inazima wakati unampelekea. Kila sababu niliipokea, kwa sababu kila moja ni jambo la kawaida kwa mama wa umri wake. Jana niko kazini na penseli mkononi, nikazihesabu, nikashindwa kuendelea kupima. Nimekukasirikia, na ninaogopa. Najua unanificha hali yake ili nisiache kazi. Lakini mimi pia ni mtoto wake, tena wa kwanza.

Nimemweleza Paskalina ukweli, amenipa ruhusa. Barua hii nampa dereva wa gari la Loliondo linalopitia Ngorongoro. Jumamosi na mimi napanda gari hilohilo, uwe umejibu au hujajibu.

Nisalimie mkeo, najua yeye ndiye anayeamka na yeyo. Nisalimie shangazi yetu, na yule mzee jirani anayetuangalizia ndama. Yeyo usimwambie kwamba nakuja, nataka nione uso wake akiniona mlangoni. Na kama hayupo tena wa kuambiwa, njoo unipokee barabarani, nisije nikayajua mbele ya watu.

Mimi dada yako,
Nashipai