Niliyomwambia Toivo Saunani

Duluth, Minnesota
Jumapili, baada ya ibada, Januari

Kwako Dada Marlys,

Pokea salamu zangu zikiwa bado na baridi ya huku. Kifua kinasemaje? Na yale magoti, jua la Tucson limeyalainisha, au bado yanalia kama mlango wa ghala? Mimi ni mzima, tena uzima wangu si wa kawaida. Juzi niliondoa theluji ya mtaa mzima peke yangu kwa sepetu moja, mpaka lori la manispaa likafika, dereva akaangalia kushoto na kulia, akageuza akarudi kulala. Jirani yako wa zamani Bi Aune anakusalimu. Bado anaoka mkate, na bado hasikii.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Dada, kwenye simu hunipi nafasi. Kabla sijafika katikati umeshasema, "Reino, acha uongo," na safari hii katikati ndiko kwenye kazi. Kwa hiyo mimina kahawa yako, kaa, soma mpaka chini bila kuruka.

Nianze na msimu. Unakumbuka bibi kizee Hedberg alipofariki, watoto wake waliiuza timu yake ya mpira wa Kimarekani kabla maua ya kaburini hayajanyauka. Wavunja-Barafu wetu, ambao Baba aliwatukana kila Jumapili kwa mapenzi, wakaenda kwa Bwana Ahlgrim wa Dallas, aliyetajirika kwa chakula cha mbwa. Alikuja mwezi wa Mei na buti za ngozi ya mamba. Nilimpokea mimi. Kweli tulikuwa umati pale bandarini, lakini mkono wangu ndio uliokuwa mrefu kuliko ya wengine, akaushika wa kwanza. Akaniuliza kama ni kweli ziwa linaganda. Nikamwambia linaganda mpaka samaki wanapiga hodi kutoka chini wakiomba wafunguliwe. Akacheka sana. Nikampenda hapo hapo, na huo ndio udhaifu wangu, mtu akicheka hadithi yangu namsamehe mengi.

Na ya kusamehe yalikuja upesi. Supu ya samaki ikaondolewa kwenye vibanda vya uwanjani, zikaja mbavu za ng'ombe za kwao. Benchi letu likahamishiwa upande wa pili ili sura za wachezaji zionekane vizuri kwenye televisheni. Kocha Bergstrom, aliyekaa nasi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akaagwa kwa keki, akaletwa Kocha Pruitt, mtu wa maneno machache na kutafuna kwingi. Watu wakanuna. Kisha timu ikaanza kushinda, na unawajua watu wa hapa, wakishiba hawamuulizi mpishi katoka wapi. Kufika Novemba hata Mchungaji Salmela alikuwa anavaa kofia yenye picha ya mbwa, akaniambia ni zawadi na zawadi haikataliwi.

Lakini lililotugusa sisi ni maneno. Enzi za Bergstrom kila mpango wa mchezo uliitwa jina la samaki. Mwanao Toivo akisikia "Sangara" hakufikiri, mwili ulikwenda wenyewe, maana alikuwa amekula majina yale miaka yote. Pruitt akayafuta. Akaleta ya wachunga ng'ombe: Tandiko, Hatamu, Kwato, Kambi, na mengine tele. Kwa kijana aliyetoka chuo jana si kitu. Toivo si kijana tena, na kazi yake unaijua. Yeye ndiye anayeinama na kuutoa mpira katikati ya miguu yake, na yeye ndiye anayewaambia wale majabali wenzake wa mstari wa mbele wakabane na nani. Akikosea yeye wamekosea wote, na mrushaji, yule anayeupokea mpira nyuma yake ili aurushe mbele, anavunjwa mbavu.

Mwezi wa Julai alinipigia akasema, "Mjomba, njoo ukae nami kidogo." Nikahamia kwenye chumba chake cha chini na ndoano zangu. Wewe nilikuambia nimekwenda kumfundisha kupika. Ukweli ni kwamba nilimkuta mezani na kile kibao cha timu chenye mipango yote, anasoma neno, analirudia, anafumba macho, limeondoka. Akaniambia, "Nayaingiza, Mjomba, yanamwagika." Akaniapisha nisikuambie. Akasema ni umri. Nami nikasema ni umri, ingawa mimi nimemzidi mbali na nakumbuka hata mambo ambayo hayakutokea.

Ndipo nikapata wazo, na mpaka leo nasema halikuwa wazo dogo kwa mtu aliyeiacha shule ili akapakie chuma melini. Niligundua kwamba neno kavu halimkai, lakini hadithi inamkaa. Basi kila neno nikalivika hadithi, na kila hadithi nikaipa shujaa mmoja asije akachanganyikiwa. Shujaa nilimfanya Shemeji Orrin, marehemu mumeo, baba yake Toivo.

Tulikuwa tunafanyia saunani, kile kichumba chake cha mvuke nyuma ya nyumba. Misuli yake ilitaka joto, nami hadithi hunitoka vizuri nikiwa natokwa jasho. Tandiko maana yake wote wasukume kushoto, basi nikamsimulia jinsi baba yake alivyomtandika kulungu dume, yule mkubwa mwenye pembe kama sepetu, akawa anapeleka maziwa mjini, na kila wakifika kwa mwoka mikate kulungu anakata kushoto bila kuulizwa. Hatamu maana yake simama hapo hapo usisogee, basi Orrin akalizuia treni la chuma lililokatika breki kwa kulivuta hatamu, mikono yake ikarefuka, na ndiyo sababu mashati yake yote yalikuwa mafupi mikononi. Toivo alicheka mpaka akamwaga ndoo. Kesho yake aliyakumbuka yote.

Kambi ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kambi maana yake majabali warudi nyuma wamzunguke mrushaji mpaka arushe. Nikamwambia kwamba mwaka aliozaliwa, kipande cha barafu kilimeguka kikabeba wavuvi kwenda katikati ya ziwa, na baba yake alikuwemo, na wewe ulikuwemo, umemletea chakula, mimba ikiwa kubwa. Upepo ulitaka kuwaua. Orrin akawasha moto, akakuketisha karibu nao, kisha akawapanga wanaume duara, migongo kwenye upepo, nyuso kwako, wakasimama hivyo mpaka meli ikawaona. Toivo hakucheka hiyo. Aliniomba niirudie.

Dada, yalifanya kazi. Kocha Pruitt aliacha kutafuna akamuuliza siri yake. Wenzake wakaanza kuja saunani. Hata yule mrushaji, Marquis Tolliver, kijana wa Alabama, alikuja, lakini nilipomwaga maji ya kwanza kwenye mawe alitoka mbio na taulo lake, akasema kwao hivyo ndivyo wanavyopika kaa. Nilimwambia arudi akikua. Kwa hiyo zile mechi zote tulizoshinda vuli ile, wewe jua kocha alikuwa nani. Sikuwa mnyonge wa kulisema hilo pale baa kwa Vern, mpaka Vern akaniomba niwaachie na wateja wengine nafasi ya kusema.

Mechi ya mwisho uliiona mwenyewe kwenye televisheni. Timu ya Omaha mbele yetu, theluji inaanguka, mshindi anaingia mchujo. Tolliver akaita Kambi. Toivo akautoa mpira vizuri kabisa. Kisha akawapa mgongo wale wa Omaha, akamkumbatia Tolliver, akasimama. Wakawaangukia wote wawili kama ukuta wa ghala. Mpira ukaponyoka, msimu ukaisha.

Ulichosikia baadaye ni kicheko. Nchi nzima inamwita Bwana Kumbatio, watoto wanaigiza mashuleni, na wengine wanasema alihongwa. Pale kwa Vern mmoja aliuliza kama Toivo ameahidiwa posa Omaha. Sitakuambia nilimfanyaje, ila sasa anakunywa kwingine. Bwana Ahlgrim alitoa tangazo la adabu, akamshukuru kwa utumishi wake, na kazi yake ikaishia hapo. Wewe ukanipigia unalia kwa hasira kwamba mwanao hakuhongwa, ukaniuliza alipatwa na nini, nikakujibu kwamba aliteleza.

Hakuteleza. Hapa ndipo nilipotaka ufike, Dada.

Jumanne baada ya mechi Tolliver alikuja nyumbani, mkono umefungwa begani. Toivo alikuwa amelala. Kijana alikaa jikoni, kofia mapajani, akakataa kahawa. Akaniambia hakumwambia mtu yeyote, wala waandishi wala kocha, lakini hawezi kukaa nalo peke yake. Alisema Toivo alipomkumbatia alimwambia sikioni, taratibu kabisa, "Mama, usigeuke. Upepo unapita."

Mimi ndiye niliyewapanga wale wanaume nyuso ndani. Nilifikiria moto, kwa sababu moto unaukinga kwa mgongo. Uwanjani upepo ni wapinzani, unaukabili kwa uso. Vuli nzima mwili wake ulijua tofauti hiyo hata akili ilipokuwa haijui, na siku ile, theluji ikiwa inaanguka kweli na upepo wa ziwa ukivuma kweli, mwili nao ukasahau.

Nimempeleka hospitali. Daktari, mama mmoja mpole anayekaa chini kabla ya kusema, alisema ubongo umechakaa kwa mapigo, kuanzia yale ya shule. Haurudi. Utaendelea kumwaga. Nilimuuliza kama hadithi zangu zimemdhuru, akasema hapana, hadithi hazimdhuru mtu. Ni daktari mzuri lakini hakukulia katika nyumba yetu.

Maana wewe ulimlea kama Mama alivyotulea sisi, kwamba saunani ni kama kanisani, huingii na kelele, hugombani, na husemi uongo. Mtoto yule maisha yake yote amesikia uongo wangu mezani, kwenye mtumbwi, kwenye gari, akaupokea kama uongo. Ule wa saunani hakujua kama ni uongo. Sikulifikiria hilo hata mara moja. Niliona joto tu na misuli.

Wiki iliyopita tukiwa jikoni nilijaribu kumrudisha. Nilimwambia, "Baba yako alikuwa mtu wa kiwanda cha karatasi. Alikunyoa nywele kila mwisho wa mwezi kwenye kiti hiki hiki, akipiga mluzi vibaya, na alikuwa akipuliza vinywele shingoni mwako wewe unajikunja kwa kucheka. Hakujua kuogelea. Aliliogopa ziwa hata kulitazama, likiganda ndiyo kabisa." Toivo alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akanipiga bega. Akasema, "Mjomba, hiyo umeitunga."

Jumamosi nikaingia naye saunani niyaseme mahali pa kuaminiwa. Nilimwaga maji, nikafungua mdomo. Akaniwahi. Akasema alikuwa ameanza kumsahau baba yake, sura imefutika, sauti imefutika, na mimi nimemrudishia. Akanishukuru, Dada. Kisha akaomba ile ya barafu. Nikamsimulia upya, tangu mwanzo.

Nilipomaliza akaniuliza kama wewe pale katikati ulisikia baridi. Mimi, Reino Kangas, ambaye sijawahi kukosa jibu tangu nianze kusema, nilimwambia akuulize wewe.

Ijumaa tunapanda ndege kuja kwako, mimi na yeye. Hapa hawezi kukaa, watu wanamfuata hadi dukani. Atakaa nawe muda wote uliobaki, nami nitakaa maana hutaweza kumwinua peke yako. Ujue atakuuliza. Atakusubiri hata mketi mahali penye joto, akuulize kwa adabu, na lolote utakalosema atalishika kuliko yote niliyomwambia mimi.

Najua ninachokuomba. Orrin alikuwa mumeo, na ulimzika mara moja tayari. Ukimwambia kwamba mtu yule hakukanyaga barafu hata siku moja, utakuwa umesema haki, nami nitakaa nje uani mpaka umalize. Ukimwambia kwamba hukusikia baridi, nitakaa nje vilevile, kwa sababu sitaweza kukuangalia usoni. Sitakushauri. Mara hii maneno nimeyaacha kwako.

Usisumbuke kupika, tutakuja na samaki wa moshi na mkate wa Bi Aune. Wasalimu majirani zako wote wa huko jangwani, hasa yule mzee mwenye mbwa, mwambie mchezo wetu wa karata bado haujaisha. Bi Aune anakuombea, Mchungaji pia. Toivo amelala hapa sebuleni wakati naandika, miguu imetoka nje ya kochi. Ameniambia nikisalimu nianze na yeye. Kwa hiyo mwanao anakusalimu, kisha mimi.

Ndugu yako mdogo akupendaye,
Reino