Ubao Uliokuwa Ukilia Mlangoni

Papa,

Kinyozi hajinyoi, na wewe ulikuwa shahidi. Ulinyoosha sakafu za watu Uvira nzima, ukatuachia hii yetu ya Kalundu na mbao zake za zamani, moja juu, nyingine chini. Mama amejikwaa mara mbili tangu tukuzike. Mara ya pili aliumia goti, akaanza kufunga mizigo aende kukaa kwa dada yake Makobola. Niliogopa. Nyumba ikibaki bila yeye, nitakuwa nimewapoteza nyote wawili.

Nikanunua parke, vile vipande vyepesi vya kunasana vya kutandika sakafuni, vinavyotoka Bujumbura. Ikabaki sponji ya kutandika chini yake. Muuzaji aliniambia: "Twaa ile nene, inamezaka yote." Na mimi, binti uliyemfundisha kushika randa tangu nina miaka kumi, nikatwaa ile nene. Najua ungesema nini. "Usifunike kidonda na kitenge." Lakini haukuwa ujinga, Papa, ilikuwa huzuni. Sikutaka kugusa mbao zako. Nilitaka sponji imeze milima na mabonde yote, mbao ziendelee kulala chini kama ulivyoziacha.

Mwezi haukuisha. Kila Mama alipokanyaga, parke ilibonyea, na ndimi za maungio zikakatika moja baada ya nyingine. Nikang'oa yote huku nikilia kwa hasira, nikikukasirikia na wewe kwa kuondoka.

Halafu nikalala chini. Wakati wa matanga yako tulilala sakafuni na Mama wiki nzima, na mgongo wangu ulijifunza kila ubao ulipoinuka. Basi nikajilaza tena, mchana kweupe, chaki mkononi, nikichora kila palipouma. Mbao zilizolegea nikazigongomea, zilizovimba nikazipiga randa, mabonde nikayajaza kwa vipande vya tripleksi, zile mbao nyembamba za kugandishwa. Kisha nikanunua parke nyingine, na sponji nyembamba na ngumu, ya kupunguza kelele tu. Karatasi ya nailoni sikuweka, maana unyevu wa ziwa ungefungiwa chini na mbao zingeoza.

Ukabaki ubao mmoja, ule wa mlangoni, uliokuwa ukilia kila ulipoingia wewe. Mama akanikataza. "Ule ndio unaniambiaka kama baba yako iko anaingia." Nikaweka nyundo chini. Siku tatu parke ilisimama ukutani, nasi tukawa tunauruka ubao ule kama mtoto aliyelala. Sikumsukuma. Niliona mizigo yake bado imefungwa.

Siku ya nne, tulipotoka kanisani, aliusimamia kwa miguu yote miwili. Ukalia. Akangoja kidogo, akautazama mlango. Kisha akasema: "Pigilia, mutoto wangu. Miye nimechoka kungoja."

Nikapigilia misumari minne. Mmoja ulipinda, nikauchomoa na kuweka mwingine, kama ulivyonifundisha. Kisha nikatandika sponji, na parke juu yake.

Leo Mama anatembea bila kushika ukuta, na nguo zake zimerudi kabatini. Nakuahidi nitamtunza, na sitafunika tena kisichonyooka. Pumzika, Papa. Na kama unakujaka kututazama, ujue sasa hatutakusikia. Piga hodi kama watu wengine.

Binti yako,
Faraja