Ruhusa ya Mwikali

Matiliku, Jumanne

Inspekta wa shule anakuja kesho, ndiyo maana nilikataa. Asubuhi Mwikali wa darasa la nne aliniomba ruhusa akamwone mama yake mgonjwa, nikamwambia akae.

Kipindi cha Kiingereza tukafanya zoezi la kutoka na kuingia: mtoto anatembea huku akisema anachofanya, wenzake wanaitikia. Nikamwita yeye.

“I am going out of the classroom,” akasema bila kosa, akatoka.

“She is going out!” darasa likaitikia.

Nikaita, “Come in!” Alikuwa ameshavuka uwanja, anakimbia. Nikamkatia fimbo ya kesho.

Jioni mjomba wake amekuja. “Mwalimu, asante kwa kumruhusu mtoto. Alimkuta mama yake bado anaongea. Saa nane mama akatuacha.”

Nimempa pole. Asante yake nimeipokea hivyo hivyo.