Moshi wa Vibuyu

Baba Hamdi,

Chai iko kwa thamosi. Mbuzi hawajakunywa maji.

Nimempeleka Hamdi hospitali. Asubuhi kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi, na wewe ukasema ni vumbi tu. Si nesi alituambia sote wawili? Vumbi kubwa hunaswa puani, lakini moshi ni mwembamba, unashuka mpaka chini kabisa ya mapafu na unakaa huko. Jana mvua iliponyesha ukanilazimisha nifukize vibuyu vya maziwa ndani ya nyumba, eti maziwa bila moshi si maziwa. Na mimi mjinga nikafukiza.

~~Tutarudi jioni.~~ Akiruhusiwa kutoka, tutaenda kwa mama yangu, Kulamawe.

Vibuyu nimeviosha kwa maji peke yake. Ukitaka harufu, fukiza mwenyewe. Nyumba sasa haina mtoto wa kukohoa.

Mama Hamdi